Cherehani Atangaza Vilindi vya Bahari

Mume alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Mke alikuwa mtafiti wa viumbe wanaoishi chini kabisa ya bahari, kule ambako jua halifiki. Majirani walipenda kusema ndoa yao ilidumu kwa sababu mmoja alisema na mwingine alisikiliza. Hawakuwajua. Wote wawili walikuwa wasemaji, ila kila mmoja kwa mwendo wake. Mume aliongea kwa kasi ambayo huwezi kupenyeza hata kikohozi katikati, na ndiyo maana wasikilizaji walimpa jina la Cherehani. Mke aliongea polepole, akichagua neno kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kila mtu, pamoja na mumewe, alimwita Profesa.

Presha ya macho ilimwanza Profesa akiwa bado kazini. Kwanza alikuwa akigonga pembe za meza asizoziona. Kisha herufi zikaanza kumtoroka pembeni mwa ukurasa. Alipasuliwa, akatiwa dawa, akabadilishiwa dawa, na mwishowe daktari akamwambia ukweli ambao mwenyewe alikuwa ameshaujua. Alirudi nyumbani akaomba chupa zake za vielelezo zipelekwe chuoni, vitabu vyake vigawiwe, na darubini aliyoitumia tangu ujana apewe yeyote anayeihitaji. Baada ya hapo hakuizungumzia bahari tena. Ukimuuliza, alijibu, "Hiyo ilikuwa kazi," kisha akauliza kama chai imeshachemka.

Cherehani hakuuweza ukimya huo. Mtu aliyezoea kutangaza mechi nzima bila kikaratasi mkononi alijikuta mezani na mkewe, vijiko vikilia kwenye vikombe, naye hana la kusema. Alimsomea magazeti. Alimsimulia mechi. Profesa alisikiliza kwa adabu, kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Binti yao wa pekee, ambaye alikuwa muuguzi, siku moja alipokuja kuwatembelea alimvuta baba yake jikoni.

"Baba, mama anakonda."

"Anakula vizuri tu."

"Mimi sisemi habari za kula," alijibu binti.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja, simu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Profesa, mwanamke ambaye sasa aliongoza safari za utafiti baharini. Chuoni walimwita Chumvi, kwa kuwa siku yake ya kwanza maabara alichota tope la sakafu ya bahari kwa kidole akalionja, apate kujua chembe zake ni laini kiasi gani, na Profesa, badala ya kumkaripia, akamuuliza, "Enhe, lina mchanga?"

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Chumvi simuni. "Tunaelekea kwenye mlima wako."

Profesa akakaa wima. Mlima huo ulikuwa chini ya maji, mrefu kama milima ya nchi kavu, lakini kilele chake chenyewe kilikuwa mbali sana chini ya mawimbi. Enzi zake, njia pekee ya kuufikia ilikuwa sanduku la chuma lililoteremshwa kwa waya mrefu na kuburutwa kidogo juu ya mwamba. Alichopata ni vipande: kijiti cha tumbawe, mkono wa kiti cha pweza, yule nyota wa baharini, kamba aliyepasuka kwa safari ya kupanda juu. Kwa vipande hivyo aliandika kwamba upande wa mashariki wa mlima ule lazima kuna msitu mzima wa matumbawe. Hakuna aliyewahi kuuona, hata yeye mwenyewe.

"Safari hii tuna roboti," Chumvi aliendelea. "Inazama mpaka chini, ina taa na kamera. Picha zinapanda kwa waya hadi melini, halafu zinarushwa kwa setilaiti popote tunapotaka. Nitakuletea hapo nyumbani, tuwe tunazungumza. Mwalimu, kuna kampuni ya uvuvi imeomba kukokota nyavu mlima mzima. Kamati inakaa mwezi ujao. Wao wanasema pale ni mwamba mtupu. Nakuhitaji."

"Picha," alisema Profesa. "Unaniletea picha mimi."

"Mwalimu," Chumvi alianza.

"Wasalimie wenzako," Profesa akasema, akaanza kupapasa kitufe cha kukatia simu.

Cherehani alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni, maana simu ilikuwa kwenye spika. Akaingia na taulo la vyombo begani.

"Tuma," akamwambia Chumvi.

"Wewe unaingilia nini?" aliuliza Profesa.

"Naingilia ndoa yangu. Tuma, mwanangu."

Siku ya mzamo wa kwanza binti yao alileta kioo kikubwa cha runinga kutoka kwake, akakisimamisha juu ya kabati la vyombo, akaunganisha nyaya na spika, kisha akakimbilia zamu yake hospitalini. Cherehani alijiandaa kama zamani: bilauri ya maji mkono wa kulia, leso mkono wa kushoto, dirisha wazi apate hewa. Profesa alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Maji," alianza Cherehani. "Ni ya bluu. Bado bluu. Sasa bluu imekolea. Sasa... giza."

"Na?"

"Na kuna vumbi linaanguka. Kama mtu anachekecha unga huko juu."

"Hicho ndicho chakula chao," alisema Profesa bila hamu. "Mabaki ya vilivyokufa juu. Yanashuka wiki nzima kabla ya kufika chini."

"Kuna kitu. Kama kamba."

"Kamba yupi? Wa kula au ya kuanikia nguo?"

"Ya kuanikia nguo. Ndefu. Inang'aa."

"Inafanya nini?"

"Ipo ipo tu."

"Ipo ipo tu!" Profesa alipandisha sauti kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Bwana wee, ungetangaza fainali hivyo wangekupiga mawe. Winga akiwa na mpira, huwa unasema kuna kitu kipo ipo tu? Niambie yuko wapi, anaelekea wapi, anafanya nini na nani!"

Maneno hayo yalimchoma Cherehani mahali penyewe. Alikunywa maji, akafuta midomo, akausogeza uso wake karibu na kioo.

"Haya. Wasikilizaji," alisema, kwa mazoea tu, na mara sauti yake ya zamani ikamrudia yote. "Tuko ubavu wa kushoto wa uwanja, giza totoro, taa ni zetu peke yetu. Anaingia mchezaji mrefu! Jamani, huyu akisimama anapita paa la nyumba hii! Mbele ana kengele za kioo, moja nyuma ya nyingine, zinafunguka na kufunga, zinafunguka na kufunga, zinauvuta mwili mzima kama injini inayovuta mabehewa. Nyuma zinaning'inia nyuzi nyembamba kuliko nywele, nchani nyekundu. Anapinda sasa! Anapinda kwa utaratibu, anachora duara, anazitandaza nyuzi zake kushoto na kulia..."

"Anatega," alidakia Profesa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anatandaza mtego wake. Na huyo si mmoja, mume wangu. Ni wengi walioungana. Wale wa kengele kazi yao ni kuogelea tu, hata mdomo hawana. Wengine nyuma wanakula, chakula wanagawana wote. Wengine wanauma maadui, wengine wanazaa. Na wote wametoka kwenye yai moja."

"Unasema ni timu?"

"Timu."

"Timu!" Cherehani alijipiga paja. "Wasikilizaji, kumbe si mchezaji, ni timu nzima! Timu ambayo mshambuliaji hana hata mdomo wa kumlaumu kipa!"

Kicheko kikalipuka kwenye spika. Walio melini wote, kumbe, walikuwa wanasikiliza.

Basi wakashuka pamoja. Rubani wa roboti akazima taa, na Cherehani akamtangazia mkewe cheche za bluu zilizowaka na kuzimika gizani, kila moja ni mnyama anayemtisha mwenzake au anayemwita. Rubani akawasha taa, mbele pakapita yavuyavu, yule mnyama laini kama ute, mwekundu kama kofia ya taa iliyopinduliwa, kisha pweza mdogo mwenye masikio mawili makubwa, anayapigapiga kama mtoto anayejifunza kuruka. "Si masikio," alisema Profesa, "ni mapezi." "Mimi nayaita masikio," alijibu Cherehani, "na refa hajapiga filimbi." Profesa akacheka. Alicheka mpaka akatafuta leso ya mumewe.

Kisha Chumvi akasema wanatua, upande wa mashariki, na Cherehani akasimama wima mbele ya kioo.

"Mke wangu," alisema, na haikuwa sauti ya redio. "Ni msitu."

Profesa aliinua uso. Kidole chake kilikuwa kinasugua mkono wa kochi, huku na huku.

"Eleza," alisema.

Akaeleza. Mti wa kwanza ulikuwa wa waridi, mrefu kumpita mtu mzima, matawi yake yametandazwa kama feni ya mkononi. Nyuma yake ulisimama wa rangi ya chungwa, na mwingine mweupe kama chokaa, na mingine tena hadi pale taa ziliposhindwa. Kila kitawi kilijaa viua vyenye vidole vinane, na kila kiua kilikuwa wazi, kinadaka lile vumbi lililokuwa likianguka. Nyota wa baharini wenye mikono kama nyoka walikuwa wameyakumbatia matawi. Katikati ya miti palikuwa na sifongo za kioo, zimefumwa kwa nyuzi za kioo kama vikapu, na ndani ya kimoja wamejificha kamba wawili. Samaki mwekundu, macho makubwa, alisimama chini ya tawi bila kutikisika, kama mtu anayesubiri mvua iishe.

"Matawi yametazama wapi?" aliuliza Profesa.

"Yote yamegeukia kulia."

"Basi mkondo wa maji unatokea kulia. Unawaletea chakula mdomoni. Kuna mti mwembamba kama waya, uliojikunja?"

"Upo. Pembeni pale. Mfupi, wala hauna sura."

"Chumvi, mwambie rubani akae nao mbali," alisema Profesa kwa haraka. "Miti ya jamaa hiyo ikipimwa, mingine huonekana imeishi maelfu ya miaka. Huo mfupi usio na sura huenda ulikuwa umesimama hapo hapo falme nzima zinainuka na kuanguka."

Cherehani aliuangalia ule mti tena, akauomba radhi kimoyomoyo.

Chini ya ukingo wa mwamba walimkuta pweza mwingine, mkubwa kidogo, wa zambarau iliyopauka. Alikuwa amejikunja, mikono ameigeuza nje. Cherehani alisema chini yake anaona punje nyeupe zilizosimama wima, kama mchele mkubwa. Profesa akamshika mkono.

"Mayai," alisema. "Huyo ni mama, ameyalalia. Tangu siku aliyotaga hajala, na hatakula mpaka yaanguliwe. Kule ni baridi, mayai yanakua taratibu mno. Aliwahi kuwapo mmoja, watu walimrudia mara kwa mara kwa zaidi ya miaka minne, mama yule yule, mahali pale pale."

"Miaka minne hajaonja kitu?"

"Tangaza, mume wangu, usiniulize."

"Haya, anakuja kamba, wa kula safari hii! Anatokea kulia, anaambaa na mwamba, ameyaona mayai, yuko uso kwa uso na kipa, hakuna beki! Na kipa... kipa ananyoosha mkono mmoja, taratibu, bila hata kuinuka kitini, anamsukuma! Nje! Mshambuliaji amekwenda zake, kipa amerudisha mkono kama vile hakuna kilichotokea! Rubani anatusogeza karibu, tunauona uso wake, ngozi imelegea, na macho yake..."

Akasita.

"Macho yake yana nini?"

"Yana ukungu."

"Kama yangu?"

Cherehani alimgeukia mkewe. "Kama yako."

"Na kamba huyo, mama alimwonaje?"

"Sijui kama alimwona. Lakini alijua yupo."

Profesa aliuacha mkono wake juu ya mkono wa mumewe. "Endelea," alisema kwa upole.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa kinyozi mwenye duka ghorofa ya chini, kitana kimechomekwa mfukoni.

"Samahani mama, samahani mzee. Hii ni mechi gani? Wateja wangu wawili wamekwaruzana, mmoja anasema ni ya ligi, mwingine anasema ni ya taifa. Na mimi nina mtu nimemnyoa kichwa nusu."

"Ni pweza," alisema Profesa.

"Pweza wanacheza na nani?"

Aliketishwa akaonyeshwa. Alikaa pale mdomo wazi hadi mteja wake alipopanda ngazi kumfuata, kitambaa shingoni, nusu kichwa kinang'aa, naye akabaki. Kuanzia siku hiyo, kila roboti iliposhuka, duka la kinyozi lilijaa watu wasio na nywele za kunyoa. Binti yao alirekodi sauti ya baba yake akawapelekea wakuu wa redio yake ya zamani, nao wakapiga simu kabla hajafika nyumbani. Walitaka mzamo unaofuata urushwe hewani moja kwa moja, alasiri.

"Watu watasikiliza samaki?" Cherehani aliuliza, akijifanya hataki.

"Wasikilizaji wako wote hawaoni," alisema Profesa. "Wewe umewafanyia kazi hiyo maisha yako yote. Usijidai huijui."

Alasiri hiyo mafundi wa redio walitandaza waya sebuleni, wakawawekea kipaza sauti kimoja katikati. Kule melini Chumvi alikuwa ameamua kwamba msitu wa mashariki umeshaonekana vya kutosha. Kamati ingeuliza habari za upande wa magharibi, ambako nyavu zilipita miaka ya nyuma. Hakuna aliyejua watakuta nini. Cherehani alianza kwa mbwembwe, akateremka nao gizani, akawachekesha watu kwa yule pweza wa masikio. Roboti ikatua.

Akanyamaza.

Kwa mtangazaji hakuna kosa kubwa kuliko kimya hewani. Fundi wa redio alimpungia mkono. Cherehani alikuwa amekodolea kioo macho, leso imemwanguka.

"Cherehani imekata uzi?" Profesa alimnong'oneza.

"Hakuna kitu."

"Ieleze hiyo hakuna kitu."

"Mifereji," alisema kwa shida. "Miwili. Imenyooka, inakwenda sambamba mpaka mwisho wa taa. Katikati kokoto nyeupe. Si kokoto. Ni miti. Imevunjika vunjika." Akajaribu tena. "Kuna kipande cha wavu kimenasa kwenye mwamba. Ndani yake kuna kaa. Maganda ya kaa. Hakuna... hakuna wa kumtangaza."

Sauti ikamkatika. Redioni simu zilianza kumiminika, watu wakidhani mitambo imeharibika. Ndipo Profesa akanyoosha mkono, akapapasa meza, akakipata kipaza sauti na kukivuta upande wake. Mara ya mwisho kuzungumza mbele ya watu ilikuwa kabla macho hayajafunga.

"Wasikilizaji," alisema, "redio zenu ni nzima. Mtangazaji wenu anaangalia uwanja ambao wachezaji wameuawa. Mpeni muda. Mimi nitawaambia ni kina nani walikuwa wakisimama hapo, maana vipande vyao niliwahi kuvishika."

Akawaambia. Hakuwa na haraka. Aliwataja mmoja mmoja, mti wa waridi, sifongo za kioo, nyota wa kukumbatia matawi, na kila mmoja alivyomtegemea mwenzake kwa kivuli, kwa chakula, kwa mahali pa kutagia. Alieleza wavu wa kukokota ulivyo: milango ya chuma inayoupanua mdomo wake, magurudumu yanayouwezesha kupanda juu ya mawe. "Unamtafuta samaki mmoja," alisema, "unang'oa nyumba za wote. Na huyo mmoja wala hana mbio za kuzaa. Mkubwa wake anaweza kuwa ana umri kupita bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Mimi nakula samaki. Ninampenda samaki kuliko nyama. Lakini kuna mahali pa kuvua na mahali pa kuacha, na pa kuacha ni pachache mno kuliko mnavyofikiri."

Alipomaliza, Cherehani alikuwa ameokota leso yake. Akafuta uso, akasogea, wakawa wawili mbele ya kipaza sauti kimoja. Akatangaza mifereji ile mpaka mwisho wake, bila kuongeza chumvi hata punje.

Kwenye kamati, mwezi uliofuata, waliitwa wote wawili. Chumba kilikuwa na zulia zito na baridi ya kiyoyozi, na Profesa aliingia ameshika kiwiko cha mumewe. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alisema kabla ya yote kwamba siku ile ya redio alibaki ndani ya gari lake amefunga vioo, dereva wake akidhani anaumwa. Msemaji wa kampuni hakuwa mtu mbaya; aliongea kwa heshima.

"Mlima ni mkubwa," alisema. "Upande wa magharibi umeshaharibika, hatulikatai hilo. Tuachieni huo, na nusu ya mashariki. Nusu ibaki kwenu. Si haki hiyo?"

"Ya kwetu?" aliuliza Profesa. "Mimi sina mti hata mmoja kule, baba. Nikueleze jambo. Matumbawe hayatembei, lakini watoto wao wanaelea na mkondo. Mkondo unatoka mashariki kwenda magharibi. Matawi yote yametuonyesha hivyo. Kama magharibi patapona siku moja, hata wajukuu wa wajukuu zetu wakiwa wameshasahauliwa, patapona kwa mbegu ya mashariki. Ukikata nusu ya walio hai, unawanyima na waliokufa mtu wa kuwarithi."

Msemaji aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mwanakamati mmoja aliuliza kama itachukua miaka mingapi. Profesa akasema hajui, na hakuna anayejua, na ndiyo sababu ya kuogopa.

Uamuzi ulitoka baada ya majuma kadhaa. Mlima wote, mashariki na magharibi, ulifungiwa nyavu za kukokota. Ila kulikuwa na mlima mwingine, jirani yake, ambao hakuna aliyewahi kuuchunguza; huo kamati iliuacha wazi kwa maombi, na kampuni ikaomba siku ile ile. Kinyozi alipanda ngazi na soda za kusherehekea, akamkuta Profesa amekunja uso.

"Mama, si mmeshinda?"

"Tumetoka sare ugenini," alijibu, na Cherehani akamtazama kwa fahari, maana neno hilo lilikuwa lake. Profesa alikuwa ameshashika simu. "Chumvi? Meli yako inarudi lini baharini? Basi mwende huo mwingine. Kabla yao. Sisi tuko tayari."

Kampuni, baada ya magazeti kuandika na watu kupiga kelele, ilikubali kungoja mpaka uchunguzi uishe. Chuo nacho kikamwomba Profesa awafundishe wanafunzi wapya. Akakubali, kwa sharti kwamba wafumbe macho nusu ya kila kipindi, na mmoja awatangazie wengine. Wengi walitangaza vibaya sana. Aliwakaripia kwa furaha. Binti yao alipokuja siku moja akakuta sebule imejaa vijana wamefumba macho na baba yake anazunguka kati yao akikosoa sarufi, aliegemea mlango akacheka, kisha akaenda jikoni kuongeza maji ya chai.

Roboti iliposhuka kwenye mlima wa pili ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Dirisha lilikuwa wazi, na chini barazani kinyozi alikuwa amepanga mabenchi. Cherehani alipita nao kwenye giza na cheche, akatua kwenye mteremko wa tope laini, akatangaza majongoo bahari wanaokula tope kama ng'ombe malishoni, na msitu mwembamba kwa mbali. Halafu akasema, "Hebu ngoja. Rubani, rudi kushoto."

"Nini?" aliuliza Profesa.

"Anaelea juu kidogo ya tope. Mwili kama jani, unaona hadi ndani, utumbo wake wa dhahabu. Pembeni ana pindo linalotembea kama wimbi, kutoka kichwani hadi nyuma. Mkia anao, umegawanyika, na kila ncha ina taa. Kichwani... sijui kama ni kichwa. Kuna manyoya mawili, anayachovya kwenye tope, anayanyanyua, anayalamba."

"Anayalamba kwa kutumia nini? Kwa mdomo?"

"Sioni mdomo. Anayaingiza ndani ya jani."

Melini kilisikika kiti kikisogezwa. Chumvi alikuwa anapumua karibu na kipaza sauti. Profesa aliinamisha kichwa, akakiinua, midomo ikitembea. Alikuwa anapekua kila chupa, kila kielelezo, kila ukurasa aliowahi kuusoma.

"Mwalimu?" Chumvi aliuliza. "Ni nani huyu?"

"Sijui," alisema Profesa. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Sijui kabisa! Mwambie rubani asisogee, asimtishe." Akavuta kiti chake hadi goti lake likagusana na goti la mumewe. "Rudia, mume wangu. Polepole. Anza na mkia."